Mchicha wa Nusu Saa

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa na biashara mbili. Kulia palikuwa na kiti cha kinyozi, kioo kikubwa na rafu ya mikasi. Kushoto palikuwa na cherehani ya mke wake, fundi wa magauni na sare za shule. Katikati hapakuwa na ukuta. Kwa hiyo nywele za wateja ziliruka mpaka kwenye vitambaa, na vipande vya nyuzi vikaangukia vichwa vilivyonyolewa. Mume na mke walilaumiana kila asubuhi, kisha wakanywa chai pamoja, na kazi ikaanza.

Walikuwa na binti mmoja wa miaka minane. Watu walimwita Kasuku, kwa sababu alisikia kila neno la nyumbani na kulirudia mbele ya wateja. Wazazi wake nao wakaitwa Baba Kasuku na Mama Kasuku, wapende wasipende.

Nyuma ya nyumba, kati ya jiko na bafu, kinyozi alipanda mboga. Alijaza udongo na samadi kwenye viroba vinane na beseni moja lililopasuka. Humo aliotesha mchicha na spinachi. Pembeni mboga ya maboga ilitambaa ukutani. Mboga zilistawi, na kinyozi alizionea fahari mno. Hakuna mteja aliyeondoka kabla ya kupelekwa nyuma kuona mchicha. Wenye haraka walijifunza kuusifu kutoka mlangoni.

Sasa, kuna jambo moja la kumweleza msomaji kuhusu kinyozi huyu. Mwaka uliopita bwana afya alikagua kazi yake. Alimkuta anasuuza vifaa kwenye maji baridi. Alimfungia kazi siku tatu, akamwambia, "Vifaa vyako vichemshe nusu saa kamili. Wadudu wa magonjwa hawaonekani kwa macho." Kinyozi aliona aibu kubwa. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuchemsha. Alichemsha mikasi, taulo na aproni. Alichemsha hata vitana vya plastiki, vikatoka vimejikunja, na hakuna kichwa kilichovikubali tena.

Mwaka huu Mama Kasuku alipata ujauzito. Ulipofika mwezi wa tano, alianza kuchoka ovyo. Akipanda ngazi tatu za mlangoni alihema. Akiinama kuokota sindano aliona kizunguzungu. Siku moja alimshonea mteja blauzi, akaweka mikono yote miwili upande mmoja. Mteja alisimama mbele ya kioo akiwa amekwama.

"Fundi," mteja aliuliza kwa upole, "huu mkono wa pili nimpe nani?"

Watu wote walicheka, kinyozi akacheka kuliko wote. Lakini Mama Kasuku hakucheka. Aliweka mkasi chini na kulia. Ndipo mumewe akafunga duka, na wote watatu wakaenda zahanati.

Zahanati haikuwa mbali. Ukitoka nyumbani na kupita shule ya Kasuku, ni mwendo wa dakika kumi. Muuguzi alimchoma Mama Kasuku kidole, akapima damu, akatazama kadi yake.

"Damu yako imepungua, mama," alisema. "Ndiyo maana unachoka. Nitakupa vidonge vya kuongeza damu. Meza kila siku, kwa maji. Na ule vizuri. Maharage, dagaa, mayai ukipata, na mboga za majani kila siku."

"Mboga tunazo!" kinyozi alidakia. "Muuguzi, njoo uone mchicha wangu!"

"Vizuri, baba. Sasa aule." Muuguzi akamgeukia tena Mama Kasuku. "Nitakupima kila baada ya wiki nne. Damu ikipanda vizuri, utajifungulia hapa. Isipopanda, sitathubutu kukuzalisha hapa. Nitakupeleka hospitali kubwa, kwa usalama wako na wa mtoto."

Hospitali kubwa ilikuwa mbali, safari ya nusu siku kwa basi. Mama Kasuku alijua kwamba wajawazito wa kule hukaa wiki nzima au mbili wakisubiri. Walipofika nyumbani alisema, "Baba Kasuku, nikiambiwa niende nitakwenda. Sitafanya mzaha na maisha ya mtoto. Lakini naogopa. Sitaki kujifungua mahali ambapo simjui mtu, na nyinyi wawili mko huku."

Kinyozi alimpenda mkewe sana, hilo halina ubishi. Alivua aproni ya kunyolea, akavaa ya jikoni.

"Kuanzia leo wewe pumzika," alisema. "Chakula napika mimi."

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kinyozi alichuma mchicha asubuhi, akauacha juani kwenye ungo mpaka mchana, kwa sababu alikuwa na wateja. Kisha alichukua mkasi. Hakutumia kisu, kwa maana kisu si kifaa cha kinyozi. Alikata majani membamba sana, membamba kama nywele. Alipomaliza kuyakata, aliyaosha. Aliyaosha mara tatu, akiyakamua kila mara kwa mikono yote miwili. Maji yalitoka ya kijani, naye alifurahi.

"Unaona uchafu unavyotoka!" alisema.

Baada ya hapo alijaza sufuria maji, akatumbukiza mchicha, akatazama saa ya ukutani. Nusu saa kamili. Akamwaga maji yale, akaweka mengine, akachemsha tena kidogo ili roho itulie. Mwisho akaweka chumvi na kupakua.

Kasuku aliangalia sahani yake. "Baba, hiki ni nini?"

"Mchicha."

"Umekufa lini?"

"Kula, mwanangu. Hakuna mdudu hata mmoja humo."

"Wangeishije humo?" Kasuku alinong'ona.

Mama Kasuku alikula. Alikula kwa sababu ya mtoto aliye tumboni, na kwa sababu mumewe alisimama mbele yake akingoja sifa. Lakini chakula kilikuwa hakina ladha yoyote, rangi yake kama ya udongo, na kilishika kooni. Kwa hiyo akawa anakisukuma kwa chai. Tonge moja, funda moja la chai kali. Akimaliza, alimeza na kidonge chake kwa chai hiyo hiyo, kwa kuwa kikombe kilikuwa tayari mkononi.

"Tamu?" kinyozi aliuliza kila siku.

"Imeiva," alijibu kila siku. Hakusema uongo.

Wiki nne zikapita. Walirudi zahanati. Muuguzi alimchoma kidole, akapima, akakunja uso.

"Haijapanda," alisema. "Iko pale pale. Vidonge unameza?"

"Sijaruka hata siku moja."

"Na mboga?"

"Kila siku!" alisema kinyozi. "Mchana na jioni! Napika mwenyewe!"

Muuguzi alitazama foleni ya akina mama mlangoni, akaandika kwenye kadi. "Nawapa wiki nne nyingine. Zikipita hivi hivi, mama, anza kufunga begi la safari."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi jirani yao alikuja kunyoa ndevu. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mtu mnene mwenye kipara kinachong'aa. Watu walimwita Mwiko. Alisomea mapishi na lishe, na kila siku alilisha wanafunzi mia tatu. Kichwani hakuwa na unywele, lakini ndevu zake ziliota kwa fujo, kana kwamba nywele zote zilihamia kidevuni.

Kinyozi alimpaka povu, akaanza upande wa kulia. Siku hiyo hakuwa na masihara.

"Una nini leo, jirani?" Mwiko aliuliza. "Hujanionyesha mchicha."

Kinyozi akamweleza yote. Wembe ulitembea taratibu huku akieleza. Alipomaliza upande wa kulia, Kasuku alipita kando yao na sufuria, akaenda mlangoni, akamwaga maji ya kijani barabarani.

Mwiko alifungua macho. "Mtoto, umemwaga nini?"

"Maji ya mboga, baba mdogo. Haya ni ya kwanza. Bado ya pili."

"Ya pili?"

"Baba anachemsha nusu saa, anamwaga. Anachemsha tena. Kabla ya hapo anaosha mara tatu baada ya kukata. Anakata kwa mkasi. Mama anasema imeiva. Mama akiwa na mama mkubwa anasema ni kama kula taulo."

"Kasuku!" Mama Kasuku alipiga kelele kutoka kwenye cherehani.

Kinyozi aliganda, wembe hewani. "Taulo?" alisema kwa sauti ndogo.

Mwiko alijivuta kutoka kwenye kiti. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa laini. Upande wa pili ulikuwa na ndevu na povu. "Nipeleke jikoni," alisema.

"Ngoja kwanza nimalizie huku."

"Ndevu zangu zitangoja. Twende!"

Wakaenda wote. Jikoni, Mwiko alifunua sufuria. Alichota kidogo kwa kijiko, akaonja. Alitafuna kwa muda mrefu, ingawa hapakuwa na cha kutafuna.

"Jirani," alisema, "mimi nakuheshimu. Unaninyoa miaka saba, hujawahi kunikata. Lakini hapa umefanya mauaji."

"Nimeua wadudu!"

"Umeua mboga. Wadudu waliondoka zamani. Hebu niambie, kwa nini nusu saa?"

"Bwana afya alisema."

"Alisema kuhusu nini?"

Kinyozi alikohoa. "Mikasi," alisema.

Mama Kasuku alishika ukuta ili asianguke kwa kicheko. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke. Hata Mwiko alicheka, mpaka povu likamdondokea shati. Kisha akawa makini.

"Sikiliza. Mkasi haupotezi kitu ukichemshwa. Mboga inapoteza. Ndani ya majani kuna vitamini, na kuna madini ya chuma. Mwili unatumia chuma kutengeneza damu. Vitamini nyingine zinaharibika kwa moto wa muda mrefu. Nyingine zinatoka na kuingia kwenye maji, na chuma nacho kidogo kinatoka. Ukimwaga maji, umemwaga chakula. Shemeji amekula makapi mwezi mzima, na barabara imekunywa supu."

Kinyozi alitazama mlango wa mbele. Pale Kasuku alipozoea kumwaga maji, majani yalikuwa yameota kwa nguvu.

"Lakini uchafu?" aliuliza. "Nisipochemsha, uchafu utatokaje?"

"Kwa kuosha, kabla hujakata. Ukikata kwanza halafu ukaosha, utamu na vitamini vinaondoka na maji. Ile rangi ya kijani uliyoifurahia haikuwa uchafu. Leta mchicha mbichi nikuonyeshe. Uchume sasa hivi, usiulaze juani."

Kinyozi alikwenda kwenye viroba vyake. Mwiko alimfuata, akamwonyesha kuchuma majani ya pembeni na ncha, na kuacha shina liendelee kuchipua. Kwenye mboga ya maboga walichuma majani machanga, wakayamenya nyuzi zake.

Waliosha majani yakiwa mazima, kwenye beseni la maji safi, wakayabadilishia maji mpaka mchanga ukaisha. Wakayaacha yachujike maji. Kinyozi akachukua mkasi wake.

"Weka chini," alisema Mwiko. "Kisu. Na vipande vikubwa. Hapa hunyoi."

Mwiko alikaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, akaongeza nyanya mbili. Nyanya zilipolainika, alitia majani ya maboga kwanza, kwa sababu ni magumu kidogo, na maji nusu kikombe tu. Akafunika. Baada ya dakika chache akatia mchicha, akageuza, akafunika tena. Kinyozi alitazama saa ya ukutani. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Jasho lilimtoka.

"Epua," alisema Mwiko ilipofika dakika ya tano.

"Tano tu? Nakuomba, kumi."

"Epua, jirani."

"Saba basi."

"Hatupo sokoni! Epua!"

Kinyozi aliepua. Mboga ilikuwa ya kijani kibichi, na mchuzi wake mdogo ulibaki ndani, haukumwagwa. Wakapakua pamoja na maharage na wali. Mwiko alikata limau na kulikamulia juu ya mboga.

"Kitu kichachu kinausaidia mwili kuchukua chuma cha mboga," alisema. "Limau, chungwa, hata nyanya. Lakini msije mkachukua sheria hii mkaipeleka kwenye kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu. Hayo lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Mchicha na spinachi ni dakika chache."

Mama Kasuku alikaa. Alikula kijiko kimoja. Alikula cha pili. Kisha akavuta sahani karibu, akainama, akala bila kuinua kichwa. Alipomaliza, alitazama sufuria.

"Imebaki?" aliuliza.

Kinyozi alifurahi, na papo hapo akaona wivu. Mwezi mzima mkewe hakuwahi kumuuliza swali hilo. Ili asaidie na yeye, akammiminia kikombe cha chai.

"Hapana!" Mwiko alikizuia kwa kiganja. "Chai pamoja na chakula inazuia chuma kisiingie mwilini. Kahawa vile vile. Ngoja saa moja au mbili baada ya kula. Shemeji, na vidonge vyako unameza kwa kinywaji gani?"

Mama Kasuku alitazama kikombe. "Kwa chai," alisema polepole.

"Muuguzi alisema kwa maji," alisema Kasuku. "Nilisikia."

Wote walimgeukia. "Ulisikia, na siku zote hizi ulinyamaza?" mama yake aliuliza.

"Mliniambia niache kurudia maneno ya watu."

Mama yake alimvuta karibu, akamwambia kwamba maneno ya muuguzi ayarudie kila siku, asubuhi na jioni, kwa sauti kubwa. Kasuku aliipokea kazi hiyo kwa moyo wote, na majirani watatu wa karibu wakajua ratiba ya vidonge.

Mwiko alirudi nyumbani kwake ameridhika. Alipofika sokoni jioni ndipo watu walipomwuliza kama upande wa pili wa uso ni wa mkopo. Alirudi mbio kwa kinyozi.

Kuanzia siku hiyo kinyozi alipika upya. Haikuwa rahisi kwake. Siku za mwanzo alitoka nje ya jiko dakika ya tatu na kumwachia Kasuku aepue, kwa kuwa hakujiamini. Aliosha majani yakiwa mazima. Aliacha mkasi dukani. Siku moja aliweka karanga zilizosagwa, siku nyingine dagaa, siku nyingine yai. Alipoona mchicha unaisha, alijaza viroba vingine vitano, akipanda kila baada ya wiki mbili ili mboga zisikatike. Mama Kasuku alikula mpaka mchuzi wa mwisho. Alimeza vidonge kwa maji. Chai aliinywa baadaye, akiwa ametulia.

Wiki ya pili alipanda ngazi tatu bila kuhema. Wiki ya tatu alimshonea yule mteja blauzi mpya bila malipo, yenye mkono mmoja kila upande. Lakini kipimo kilikuwa bado, na usiku wa kuamkia siku ya zahanati begi la safari lilikuwa limefungwa, limekaa kando ya mlango.

Kule zahanati, muuguzi alimchoma kidole. Kinyozi alinyoosha shingo aone. Muuguzi alitazama kipimo, akatazama kadi, akapima tena.

"Imepanda," alisema. "Imepanda vizuri. Mmefanya nini?"

Kinyozi alivuta pumzi, akageukia foleni nzima ya akina mama. "Ndugu zangu," alianza, kama mtu aliyezaliwa analijua jambo hilo, "watu wengi wana kosa moja. Wanachemsha mboga mno!"

Mkewe alimtazama. Alimwacha aseme. Siku hiyo angemwachia hata aimbe.

"Endelea hivyo hivyo, mama, na vidonge usiache," alisema muuguzi. "Mwezi ujao tunapima tena. Ikibaki hivi, utajifungulia hapa."

Ilibaki hivyo, na mwezi uliofuata ikapanda zaidi.

Uchungu ulimshika Mama Kasuku Jumanne moja asubuhi, akiwa anakata kitambaa. Alitembea kwa miguu yake mpaka zahanati, mumewe akiwa amembebea kila kitu, pamoja na vitu visivyohitajika. Muuguzi yule yule alimpokea na kumwita kwa jina lake. Kabla ya saa sita mchana mtoto wa kiume alilia kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la nje.

"Hana shida, na mama hana shida," muuguzi alimwambia kinyozi. "Damu iliyotoka ni kidogo, na mama ana nguvu. Ingia."

Kengele ya mapumziko ililia shuleni. Dakika chache baadaye Kasuku, aliyewaona wazazi wake wakipita asubuhi, aliingia anakimbia, sare yake ina vumbi. Alikuta mama yake ameegemea mto, uso umechoka, macho yanacheka. Kasuku alipanda kitandani, akaweka kichwa begani mwa mama yake, akamchungulia mdogo wake kwa makini.

"Mbona hana nywele?" aliuliza. "Baba, umemnyoa?"

Mama Kasuku alicheka, akawakumbatia wote wawili kwa mkono mmoja mmoja. Kinyozi alisimama miguuni pa kitanda, analia waziwazi, na hakujali nani anamwona.